Baba Alipoezeka Nyasi Juu ya Bati

Mwanangu wa pili amejenga Mikumi. Ni nyumba nzuri kwelikweli, na upande wake wote wa magharibi ni vioo kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, ili wageni wakae kochini na kutazama machweo. Juzijuzi alinialika nikaione. Mchana umeme ukakatika, kiyoyozi kikanyamaza, na kabla chai haijapoa sote tulikuwa nje, tumebanana kwenye kivuli cha tangi la maji, mwenye nyumba akijipepea kwa bahasha. Aliniomba radhi mara nyingi, maskini, nami nilikuwa nacheka peke yangu. Kosa lile nalijua. Nimelala ndani yake nikiwa mtoto, na aliyelifanya kabla ya mwanangu ni babu yake, baba yangu mimi.

Wenzangu mliokuwa wadogo enzi zile za kuhamia vijijini mtakuwa na hadithi zenu, na najua nyingine ni chungu, kwa hiyo simsemei mtu. Sisi tulitoka milimani, upande wa Usagara, tukateremshwa bondeni kwenye kijiji kipya kilichopangwa kando ya reli itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Kwangu mimi kuhama kulikuwa kupanda lori kwa mara ya kwanza. Ninachokumbuka zaidi ni mlango wetu, wa mninga, kazi ya seremala wa misheni. Baba aliung'oa kabla ya kugusa kitu kingine chochote, akaupakia wa kwanza, nasi tukaketi juu yake na vyungu vyetu. Kila familia ilifanya hivyo. Udongo na fito utavipata popote uendako, lakini mlango ni mali. Lori lilipoondoka niligeuka nikaona nyumba yetu imebaki wazi na kuku wa jirani wanaingia na kutoka wapendavyo, nami nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: mlango ukishang'olewa, wenyewe wameshahama.

Sasa niseme habari ya nyumba ya milimani, maana bila hiyo kosa lenyewe halieleweki. Kule kwetu asubuhi ilikuwa ni ukungu mtupu, na jua lilikuwa halituoni hadi wanafunzi wameshatoka mapumziko. Kwa hiyo wazee walijenga kwa kulitega jua la alasiri. Waliweka mlango magharibi na dirisha magharibi, ili jua likielekea kuzama liingie ndani lipashe sakafu, watu walale juu ya joto lile. Ukuta ulikuwa mnene na paa la chini, na ule upenyo unaobaki kati ya ukuta na paa ulizibwa kwa udongo, lisibaki hata tundu la kupita nyuki. Jiko lilikaa katikati ya nyumba. Ilikuwa nyumba ya akili sana kwa mahali pake.

Basi Baba akashuka nayo kichwani. Watu wote wa milimani walishuka nayo, wakaijenga vilevile bondeni, mahali ambapo baridi hatukuiona tena isipokuwa kwenye maji ya mtungi. Watu wa bondeni wenyewe wasingeweza kulifanya kosa lile hata kwa kulipwa. Na Baba akaliongezea pambo. Ilikuwa zama za nyumba bora, viongozi wanapita wakihimiza watu waachane na nyasi, na Baba, ambaye alikuwa na elimu ya shule ya kati na hakupenda kuachwa nyuma katika jambo lolote, aliuza fahali wake akanunua bati. Lilipopigiliwa la mwisho tulisimama barabarani sote tukiyatazama yanavyong'aa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na wenzake, akampa Baba mkono, akasema hii ndiyo nyumba ya mfano. Baba alitembea wima wiki nzima.

Kisha kiangazi kikaingia. Nitawaambia joto lile lilivyokuwa: mchana bati lilikuwa linalia lenyewe, ta, ta, likitanuka, na mafuta ya nazi ya Mama yalikuwa hayagandi mwaka mzima. Ilipofika saa kumi, jua lilikuja kwa mlango na kwa dirisha kwa pamoja, likatandaza mkeka wake hadi ukutani kwa nyuma. Ule ukuta mnene ukanywa joto lote, na sisi tukalala nalo. Mdogo wangu Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, alitoka vipele vya joto shingoni na mgongoni, akalia hadi sauti ikamkauka. Wageni walipokuja kuisifu nyumba ya mfano tuliwapokea uani.

Mama hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Kilosa mjini, Mabwerebwere, binti wa kibarua wa reli aliyetoka mbali na kubaki hapo, na alikulia katika hewa ile ile ya moto. Alipoolewa alikwenda kutetemeka milimani bila kulalamika, basi sasa aliona zamu ya kulalamika ni yake. Kila alasiri alimwambia Baba kwamba dirisha lile lizibwe. Baba akamjibu kwamba nyumba haijengwi kwa kuziba madirisha, na kwamba tangu babu zake mlango umetazama huko. Mama akasema babu zake wangekuwa hapa wangeshakimbia. Walitaniana hivyo, wakicheka nusu, hadi Mama alipokuwa mjamzito na tumbo limekua. Hapo kicheko kiliisha.

Namkumbuka siku ile amesimama mlangoni, Neema mgongoni, kanga imelowa jasho. Hakupandisha sauti.

"Baba Tabitha," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "huyu mmoja umeshamkaanga. Wa pili sitakuletea. Naenda kujifungulia kwa mama yangu, na nitarudi siku utakaponiambia kwamba mtoto mchanga anaweza kulala humu saa saba mchana."

Kesho yake aliwapeleka Kilosa kwa treni, Mama na Neema na kikapu cha nguo. Mimi nilibakishwa kwa ajili ya shule, chini ya uangalizi wa jirani yetu Mama Yeremia, mkunga wa kijiji, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Nilipouliza Mama atarudi lini, watu wazima waliniambia atarudi tu. Nilikuwa naijua hiyo "atarudi tu". Ndiyo waliyoniambia juu ya mbuzi wangu.

Baba alirudi siku iliyofuata badala ya jioni ile ile, na sababu yake aliisimulia maisha yake yote, kila mara akiiongezea chumvi. Alisema kwamba baada ya kuwaacha kwa wakwe zake alikwenda kuisubiri treni ya kurudi pale stesheni, lile jengo la zamani la ukuta mpana na varanda pande zote. Ilikuwa mchana wa jua kali. Akakaa kwenye benchi, huku moyo wake umejaa uchungu na hasira kwa Mama, akiandaa maneno atakayomwambia siku wakikutana. Alipozinduka treni ilikuwa imeshakwenda. Alikuwa amelala. Mtu mwenye hasira, juu ya benchi la mbao, saa saba mchana, amelala fofofo.

Hapo ndipo alipoanza kuduwaa. Aliinuka akaugusa ukuta, akaukuta baridi. Akatoka nje akaugusa upande wa pili, akakuta nao umefichwa na varanda, jua haliufikii kabisa. Akarudi ndani akatazama juu, akaona dari, na pembezoni mwake matundu ya kutolea hewa. Akalala chali sakafuni ili aone vizuri. Mlinzi akamjia akamwuliza anatafuta nini, naye akasema anatafuta upepo unapotokea. Walitaka kumpeleka kituo cha polisi. Babu, baba yake Mama, mzee wa reli aliyejulikana na wote, aliitwa kuja kumdhamini, na inasemekana alipofika na kuelezwa alicheka hadi akakaa chini. Baba akalala kwao usiku ule kwenye varanda ya nyuma na hakumwambia Mama neno. Alitaka amfanyie mshangao.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni mtu aliyerudi amebadilika, haongei, anazunguka nyumba na kijiti, anachora mavumbini kivuli kinapofika, anafuta, anachora tena. Nyumba ya mfano, na mwenyewe anaikunjia uso. Mama Yeremia alimwambia mwenzake, nikisikia, kwamba mwanamume akiachwa huwa hivyo mwanzoni.

Halafu siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta mlango umeng'olewa.

Ulikuwa umeegemezwa kwenye mpapai, bawaba zake zimewekwa vizuri kwenye kopo. Ndani, Baba, mwili mzima umejaa vumbi, alikuwa anaupiga ukuta kwa sururu, na pale juu ulipokutana na bati palikuwa tayari pamefunguka mwanga. Nikasimama pale na madaftari yangu. Nikamwuliza tunakwenda wapi.

"Hatuendi popote," alisema. "Hebu kachote maji, mengi."

Jamani, hayo ndiyo maneno aliyoniambia milimani, siku mbili kabla ya lori. Neno kwa neno, na maji yakiwemo. Nikawa na hakika kabisa. Tunahama, Mama hayupo, na atakaporudi na mtoto wake mchanga atakuta kuta tupu na kuku wa Mama Yeremia wakitaga kwenye chumba chake. Hatajua tulikokwenda. Nililia njia nzima ya kisimani, na ndoo ya kwanza niliijaza nusu kwa machozi, kama mtaniruhusu nami niongeze chumvi kidogo.

Lakini nilikuwa mtoto wa mama yangu, na machozi yalipoisha nilifikiri. Kaka yake Mama, Mjomba Masanja, alikuwa kwenye gengi la reli, na karibu kila alasiri kiberenge chao, kile kigari cha mafundi wa reli, kilipita kurudi Kilosa. Nikaiacha ndoo, nikakimbilia relini, nikasimama kando ya tuta nikipunga kitambaa cha kichwa. Kiberenge kikapunguza mwendo. Mjomba akashangaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamwambia amwambie Mama kwamba Baba ameng'oa mlango, sasa anabomoa ukuta, na kwamba kama anatutaka aje upesi kabla lori halijafika. Mjomba alinitazama usoni, hakuniuliza tena. Mwanafunzi wa darasa la pili hawezi kutunga habari ya mlango.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia, nikachota maji niliyotumwa. Asubuhi iliyofuata uani palijaa watu. Msaragambo. Baba alikuwa ameomba msaada, na majirani wote wa milimani walikuja, nusu kusaidia na nusu kucheka, maana kila mmoja wao alikuwa na tanuri lake la namna hiyo nyumbani. Niliwaona wanawake wakikanyaga udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, harufu yake tamu ya mvua ikijaa kote, nikasema moyoni kwamba hawa wamekuja kutuaga. Wanaume walipasua mianzi wakaipanga chini ya kenchi za paa kuwa dari, kisha wakaikandika udongo juu. Lile dirisha la magharibi, pamoja na pale palipokuwa na mlango, wakaviziba kabisa. Wakatoboa mengine mawili, moja kaskazini na moja kusini, yakitazamana, na upenyo wa mlango wakaufungua upande wa kusini, kisha wakaurefusha upenu kwa boriti ukawa baraza. Nje, kule jua linakotua, Baba mwenyewe alichimba mashimo akapanda migomba na minyonyo. Swali la kwa nini watu wanaohama wanapanda migomba halikunijia hata kidogo. Mtoto akishaamini jambo, ameamini.

Kilichokuwa kigeni kuliko vyote kilikuja mwisho, asubuhi ya siku ya pili. Baba alipanda juu ya bati lake, lile lile la fahali, akaanza kurushiwa matita ya nyasi. Akayapanga na kuyafunga juu ya bati, safu kwa safu.

Mwenyekiti alifika jasho likimtoka. Alikuwa mtu mwema, wala sitaki kumcheka, lakini alikuwa na ugeni kutoka wilayani wiki ile, na nyumba ya mfano ilikuwa ndiyo kituo cha kwanza cha ziara.

"Ndugu yangu," alisema akitazama juu, "unayaficha maendeleo."

"Sijayaficha, Ndugu Mwenyekiti. Nimeyavika kofia."

Wakajadiliana, mmoja paani na mwingine chini. Mwenyekiti akauliza wageni watajuaje kwamba nyumba ni ya bati. Mwishowe wakaafikiana kwamba upande wa barabarani ibaki safu moja wazi, iliyosuguliwa, ili mwenye kutaka kuona bati alione. Mwenyekiti bado alikuwa akielekeza upana wa safu hiyo wakati kiberenge kiliposimama relini.

Mama alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mwavuli mkononi, na Mjomba Masanja amemshika bega. Neema hakuwepo, alibaki kwa Bibi. Baadaye tulijua kwamba salamu zangu zilipofika Mabwerebwere zilikuwa zimeota mbawa, na Bibi aliambiwa kwamba mkwe wake amerukwa na akili na anaibomoa nyumba kwa kichwa, akamzuia Mama siku nzima asisafiri. Mama aliteremka tuta polepole, mkono kiunoni. Aliutazama mlango kwenye mpapai, akaitazama kuta zilizotobolewa, kisha akainua uso akamwona mumewe juu ya paa amekumbatia tita la nyasi.

"Baba Tabitha," alisema, "unahamia wapi?"

"Nahamia humu humu."

Nilimkimbilia, nikamshika kanga, nikamwambia asikubali. Aliingia ndani kupitia ule upenyo mpya wa kusini, nami nyuma yake. Sijasahau. Nje jua lilikuwa kali, ardhi inachoma nyayo, na ndani palikuwa na kagiza na ubichi, na kitu kilitupita usoni, kutoka dirisha hili kwenda lile. Mama alisimama katikati akafumba macho. Akafungua kanga yake kidogo shingoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanivuta nikae, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufunguka polepole, kwamba huenda hakuna lori. Niliona furaha na aibu vikinijia kwa pamoja. Baba alikuwa ameshuka, amesimama pale pasipo mlango, nyasi kichwani, anamtazama Mama akingoja hukumu.

Mama alifungua mdomo aseme. Badala yake akashika kitanda kwa mikono yote miwili.

Kiberenge hakikutengenezewa wajawazito. Mama Yeremia aliingia, akamgusa tumbo, akatufukuza wote. Akasema hakuna kurudi Kilosa wala kwenda zahanati, mtoto yuko njiani. Aliagiza maji, na kwa mara ya kwanza niliona faida ya ndoo nilizochota. Hapakuwa na mlango wa kufunga, kwa hiyo zikatafutwa kanga mbili, na kwa kuwa aliyekuwa mrefu kuliko wote ni Mwenyekiti, alipewa kazi ya kusimama baraza na kuzishikilia juu, akiwa ameipa nyumba mgongo. Alizishikilia kwa heshima zote, bila kusema tena habari ya ugeni.

Sisi wengine tulibaki uani. Aliyekuwa anakandika alisimama na udongo mikononi, aliyekuwa anapasua mianzi akaweka panga chini. Tulimsikia Mama, kisha tukamsikia Mama Yeremia akimhimiza, kisha tukasikia mtoto analia. Wanawake wakapiga kigelegele kimoja tu, mkunga akawakemea kutoka ndani, wakanyamaza. Baba alikaa chini pale pale alipokuwa, mavumbini.

Halafu tukangoja, na kimya kikawa kirefu. Neema alipozaliwa alilia siku nzima, na kila mtu pale alijua watoto wa kijiji kile wanavyolia mchana. Kutoka nyumba yetu hakikusikika hata kikohozi. Niliwaona watu wazima wanaepuka kutazamana. Baba aliinuka, akaenda hadi penye kanga, akasita. Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa kabla ya siku ile. Nilikwenda nikamshika mkono, ulikuwa umekauka udongo hadi kwenye kiwiko.

Mama Yeremia akatoka, akiinama chini ya mikono ya Mwenyekiti, kidole mdomoni. Yeye mwenye kicheko cha kuamsha mtaa alisema kwa kunong'ona.

"Msipige kelele. Wa kiume. Amelala."

"Na mama yake?" Baba aliuliza.

"Naye amelala."

Baba alitazama juu penye jua, kama mtu anayetaka kuhakikisha saa. Lilikuwa limetusimamia utosini, saa saba mchana. Mmoja mmoja watu wakaokota majembe na mapanga yao, polepole yasigongane, wakatoka uani wakinyata.